Oksijeni 43

Ndugu msomaji, kabla hujaanza kunicheka nakukumbusha walivyonena wahenga: mcheka kilema hafi bila kumfika. Karatasi ninayotaka kukusimulia habari zake ningali nayo. Nimeikunja mara nne nikaificha ndani ya kamusi, kwenye herufi F, mahali ambapo najua hakuna atakayepekua isipokuwa mwanachama wa chama hiki. Ni karatasi ya mtihani wa Kemia wa muhula wa pili, nilipokuwa kidato cha pili mwaka jana. Juu yake pameandikwa kwa wino mwekundu 9 kwa 40. Kando ya swali la tatu pana maneno machache ya mwalimu, nayo ndiyo yaliyonifanya kuwa kitoweo cha bweni zima kwa muda wa wiki mbili: "Oksijeni 43? Umezitoa wapi?"

Swali lilitutaka tuandike fomula ya aluminiamu salfeti. Mimi nilijua kwamba salfeti ni SO₄, maana nilikuwa nimeikariri usiku kucha kama mtu akaririye dua. Nilijua pia kwamba kuna tatu mahali fulani, maana aluminiamu na tatu haviachani. Basi nikaichukua ile tatu nikaibandika mwishoni, pale nilipoona pana nafasi. Nikaandika AlSO₄₃, nikaweka kalamu chini raha mustarehe.

Mwalimu wetu wa Kemia tulimpa lakabu ya Mabano. Hapakupita kipindi bila yeye kuuliza, "Mabano yako wapi?" na akiuliza hivyo hugonga ubao kwa kifundo cha kidole mpaka chaki ianguke. Siku ya kurudisha karatasi aliniita mbele nikaiandike fomula yangu ubaoni, darasa zima lione.

"Hebu tuhesabu. Aluminiamu ngapi hapo?"

"Moja, mwalimu."

"Salfa?"

"Moja."

"Na oksijeni?"

Kijasho chembamba kikaanza kunitoka. "Nne... halafu tatu..."

"Arobaini na tatu!" darasa likaitikia kwa sauti moja kama kwaya ya kanisa.

"Hilo ni darasa zima, binti," akasema Mwalimu Mabano. "Utawakalisha wapi?"

Walicheka hadi wengine wakashika mbavu. Nilirudi kwenye dawati langu nikiwa nimeinama kama mgomba uliozidiwa na mkungu. Na nikwambie ukweli, msomaji: sikuona haya kwa muda mrefu. Kabla kengele ya chakula haijalia nilikuwa nimeshajitafutia udhuru. Mimi si mtu wa Kemia. Mimi ni wa Kiswahili, naandika mashairi, najua ngeli zote bila kutazama kitabu. Wenzangu nao walikuwa wakinisaidia kusema hivyo: "Mwacheni huyo, yeye ni wa ngeli." Nililipokea neno hilo kana kwamba ni sifa. Nilikata shauri kwamba nitasukuma hiyo Kemia hadi mtihani wa mwisho, nipate alama za kutonitia aibu kwa mama, basi.

Nilikuwa katika hali hiyo ilipofika siku ya kutembelewa.

Kwa kawaida mama hunijia akiwa na kikapu cha wali wa nazi na samaki wa kukaanga, na sauti yake huifahamu kabla hajafika langoni. Jumapili hiyo alikuja kaka peke yake, na mkononi ana mfuko wa karatasi wenye chapati tatu. Nilipouliza mama yuko wapi alijikohoza.

"Mama hajambo. Ni tumbo tu."

"Lile lile la tangu Pasaka?"

"Lile lile. Sasa halali. Akila ugali ni kama ameza moto. Daktari ametaka apigwe picha ya tumbo Jumatano." Akatoa karatasi ya hospitali mfukoni akanionyesha, labda kwa sababu alitaka mtu wa kuisoma pamoja naye. "Ati kabla ya picha atanyweshwa dawa nyeupe, ndipo tumbo lionekane."

Niliisoma ile karatasi. Mwandiko wa daktari unaujua mwenyewe, ni kama nyayo za kuku, lakini neno moja nililitambua vizuri. Bariamu.

Moyo ulinipasuka. Siku tatu tu zilizopita tulikuwa kwenye maabara, tukisoma chumvi zinazoyeyuka na zisizoyeyuka. Mwalimu Mabano alishika chupa ndogo iliyoandikwa bariamu kloraidi akasema kwa sauti ambayo si yake ya kawaida: "Hii ni sumu. Hakuna mkono mdomoni. Ukiinywa, misuli inalegea, moyo unakwenda mrama, na mimi nitakuwa na kesi." Kisha akatuamuru tunawe mikono mara mbili. Nami hapa nimeshika karatasi inayosema mama yangu anakwenda kunyweshwa bariamu Jumatano asubuhi, tena kikombe kizima!

Sikumwambia kaka. Ningemwambia nini? Yeye hakusoma Kemia, na safari ya kurudi nyumbani ilikuwa ndefu. Nilizila zile chapati bila kujua ladha yake, nikamsindikiza hadi langoni, nikarudi bwenini. Usiku ule sikupata lepe la usingizi. Kila nikifumba macho naiona chupa.

Jumatatu wakati wa mapumziko ya saa nne nilijikaza nikaenda maabara. Mwalimu Mabano alikuwa akiosha vioo. Nilipomaliza kumweleza hakucheka, na jambo hilo sitalisahau. Alifuta mikono yake kwa koti jeupe, akavuta stuli, akanikalisha.

"Bariamu gani?" akauliza.

"Bariamu tu, mwalimu. Ndivyo walivyoandika."

"Hakuna bariamu tu. Hakuna mtu anayeuza bariamu tu, na hakuna anayeinywa. Bariamu na nani? Wewe umesikia kichwa cha jina ukakimbia. Mkia wake uko wapi?"

Sikuwa na jibu. Akachukua kipande cha chaki akaandika juu ya meza ileile ya mbao, mafungu matatu, moja chini ya lingine: BaCl₂, BaCO₃, BaSO₄. Akaniambia nisome. Nikasoma: bariamu kloraidi, bariamu kaboneti, bariamu salfeti. Ya kwanza, akasema, inayeyuka ndani ya maji. Ukiinywa inaingia kwenye damu. Ya pili haiyeyuki ndani ya maji, kwa hivyo mtu anaweza kudhani ni salama, lakini tumboni mna asidi, tena ni asidi ya haidrokloriki, nayo huila kaboneti, hewa ya kabonidioksaidi ikatoka, na kinachobaki ni bariamu kloraidi. Ile ile ya kwanza. Watu walikuwa wakiulia panya kwayo.

"Na hii ya tatu?" Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza.

"Hii ya tatu haiyeyuki kwa maji wala kwa asidi ya tumbo. Inapita tu. Inaingia nyeupe na inatoka nyeupe. Mashine ya eksirei haiwezi kuona ndani yake, kwa hivyo tumbo linaonekana kama mtu amelipaka chokaa. Hii ndiyo mama yako atapewa. Hakuna nyingine wanayompa mgonjwa."

Nililia palepale, msomaji, mbele ya mwalimu, na sioni haya kuyaandika haya. Yeye akaendelea kuosha vioo kana kwamba hakuona.

Baadaye sana, wakati wa likizo, nilisoma habari iliyonifanya nimshukuru Mungu kwamba sikuijua Jumatatu ile. Mwaka wa 2003 nchini Brazili, dawa ya kupigia picha ya tumbo iliyopaswa kuwa bariamu salfeti ilikuwa imechanganyika na bariamu kaboneti. Zaidi ya watu 20 walikufa. Ni unga mweupe, na huu mwingine nao ni unga mweupe. Tofauti yake ni hilo fungu dogo la atomu lililofuatana na bariamu.

Nilipotulia Mwalimu Mabano hakuniacha niende zangu. "Sasa," akasema, "maadamu uko hapa, zile oksijeni zako arobaini na tatu tuzitafutie makao."

Akaanza na hiyo hiyo salfeti. SO₄, akasema, ni salfa moja na oksijeni nne zilizoshikana. Hutembea pamoja, huingia kwenye maji pamoja, hutoka pamoja, na chaji yao ni ya wote, hasi mbili, si ya mmoja wao. Kundi kama hilo huitwa radikali. Aluminiamu nayo inatoa elektroni tatu. Kila salfeti inapokea mbili. Sasa pawepo ngapi na ngapi ili pasibaki mtu na elektroni isiyo na mwenyewe? Nikahesabu kwa vidole. Aluminiamu mbili zatoa sita, salfeti tatu zapokea sita. Basi ni mbili kwa tatu.

"Andika."

Nikaandika Al₂SO₄ kisha nikakwama. Ile tatu niiweke wapi? Nikiiweka mwishoni, narudi kulekule kwa arobaini na tatu. Nikatazama meza kwa muda mrefu. Kwetu Garsen, wakati wa msimu, akina mama huuza maembe kwa mafungu kando ya barabara. Fungu moja maembe manne. Mteja akitaka mafungu matatu hasemi, "Nipe maembe manne tatu." Husema mafungu matatu, na muuzaji hukusanya fungu kwa fungu. Hesabu iko kwenye fungu, haiko kwenye embe la mwisho.

"Mwalimu," nikasema, "mabano ni fungu?"

Aliinua uso. "Endelea."

Nikaandika Al₂(SO₄)₃. Fungu la salfeti, mara tatu. Salfa tatu, oksijeni kumi na mbili. Mwalimu Mabano akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue, akasema, "Miaka yote hii nafundisha, na sijawahi kuwaza habari ya maembe." Kisha akaongeza, maana walimu hawaachi kuongeza, kwamba fungu likiwa moja tu halihitaji mabano. Bariamu inatoa mbili na salfeti inapokea mbili, kwa hivyo ni moja kwa moja, BaSO₄, kavu. Kumbe ndiyo sababu aliyoniandikia pale juu haikuwa na mabano.

Tangu siku hiyo nilianza kuona makosa yangu ya zamani yote yamezaliwa na mama mmoja. Kalsiamu haidroksaidi, ile chokaa ya kupakia kuta iliyokwisha kutiwa maji, nilikuwa nikiiandika CaOH₂. Ukiisoma hivyo, ile mbili imeshika haidrojeni peke yake na oksijeni moja imepotea njiani. Inatakiwa Ca(OH)₂. Amoniamu salfeti, ambayo ni mbolea, niliwahi kuiandika N₂H₈SO₄, na nilipokosolewa nikanung'unika kwamba hesabu ni sawa. Hesabu kweli ni sawa. Lakini nimevunja ukoo. Amoniamu, NH₄, ni naitrojeni moja na haidrojeni zake nne, na zikiwa koo mbili zinabaki kuwa koo mbili: (NH₄)₂SO₄. Mtu akija kwenu akakuta familia mbili zinaishi ua mmoja hatasema hapa kuna baba wawili na watoto wanane, akaishia hapo. Atauliza nani ni wa nani.

Kosa langu jingine lilikuwa kinyume chake: nilipojifunza kubadilishana namba nikazidisha. Kalsiamu kaboneti, yaani chokaa ya mawe na maganda ya mayai, nikaiandika Ca₂(CO₃)₂ nikijiona mjuzi. Mbili kwa mbili ni moja kwa moja. CaCO₃, basi. Hapo mwalimu alikata alama nusu, nami nikamwona mchoyo.

Sasa nije kwenye mikia, ambako sisi watu wa lugha tungefaa kuwa mbele ya wote. Majina ya Kemia yana viambishi tamati kama vitenzi vyetu. Salfaidi ni salfa peke yake, haina oksijeni, S. Salfaiti ni SO₃. Salfeti ni SO₄. Angalia: -aidi, -aiti, -eti. Herufi moja au mbili tu mwishoni, na kitu chenyewe kimebadilika. Tofauti hiyo hukaribia tofauti ya *piga*, *pigia* na *pigwa*: ukikosea mwisho umemfanya aliyepigwa kuwa mpigaji. Ni vivyo hivyo kwa naitreti, NO₃, na naitraiti, NO₂. Anayeishia kwa -aiti ana oksijeni moja pungufu kuliko ndugu yake wa -eti, lakini chaji haibadiliki. Salfeti na salfaiti zote hasi mbili, naitreti na naitraiti zote hasi moja. Hili la chaji lilinipiga chenga kwa muda, maana nilidhani oksijeni ikipungua na deni hupungua.

Lakini usinidanganyikie ukafikiri -eti maana yake ni nne. La hasha! Kaboneti ina oksijeni tatu, naitreti tatu, salfeti nne, fosfeti nne. Mkia hukwambia nani ana nyingi kuliko ndugu yake, haukwambii ngapi. Idadi huna budi kuikariri, hapo hakuna ujanja. Na hapa ndipo ninapowalaumu waliotunga majina haya. Haidroksaidi, OH, ina mkia wa -aidi ilhali ni radikali yenye oksijeni ndani yake. Amoniamu nayo imevaa jina kama la metali, ikakaa mbele ya fomula kama metali, na haina metali hata chembe. Watunzi wa ngeli nao wana makosa yao, ila wao angalau hawakumwita mbuzi samaki.

Waliotunga wenyewe nilikuja kuwajua. Mwaka wa 1787 Wafaransa wanne, Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy, walitoa kitabu cha kuyapanga upya majina ya Kemia, na mikia hii ya salfeti na salfaiti ilianzia humo. Kabla yao majina yalikuwa kama ya sokoni. Kitu kilipewa jina la rangi yake au la mji kilikotoka. Ile magnesiamu salfeti bado wengine huiita chumvi ya Epsom, na Epsom ni mji tu Uingereza. Miaka saba baada ya kitabu hicho Lavoisier alikatwa kichwa katika mapinduzi ya nchi yake, lakini mikia aliyoipachika kwenye majina ingali inatembea. Herufi tunazoandikia fomula zilikuja baadaye, mwaka wa 1813, kutoka kwa Berzelius wa Uswidi. Huyo namba ndogo aliziweka juu, si chini. Laiti zingebaki juu, labda nisingeziona arobaini na tatu.

Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu, maana sokoni kwetu majina ya namna hiyo hayajaisha. Nenda duka la dawa za kienyeji Mombasa uulize mrututu. Utapewa mawe ya buluu yanayong'aa, na ukiyatazama kwa macho ya Mwalimu Mabano ni shaba salfeti, CuSO₄ na maji yake matano. Jina mrututu ni zuri, hata kulitamka ni kama kupiga ngoma, lakini halikwambii kwamba ndani yake mna shaba. Magadi tunayotiliwa kwenye githeri hapa shuleni ili maharagwe yaive upesi, yale yanayochotwa Ziwa Magadi kule Kajiado, yana radikali mbili kwa pamoja, kaboneti na haidrojeni kaboneti. Mpishi wetu hajui hayo na githeri inaiva vilevile. Sitaki uniletee hoja kwamba basi majina haya hayana faida; hoja hiyo nilikuwa nayo mimi kabla ya Jumapili ile ya kutembelewa.

Mama alipigwa picha Jumatano. Jioni Mwalimu Mabano alikuja hadi mlango wa darasa wakati wa masomo ya usiku, akanipa simu yake, jambo ambalo kanuni za shule haziruhusu, kwa hivyo naomba mhariri asiandike jina langu.

"Umeshakunywa dawa?" nikauliza kabla hata sijamwamkia.

"Marahaba," mama akasema, kunikumbusha adabu. "Nimekunywa. Lo, mwanangu, ni kama uji wa chaki! Wametia kitu cha kunukia, lakini chaki ni chaki."

Ilikuwa vidonda vya tumbo. Alipewa dawa, akakatazwa pilipili, na kufikia mwisho wa mwaka alikuwa akila ugali bila kushika kifua. Kuhusu mimi, mtihani wa muhula wa tatu nilipata 28 kwa 40. Kuna mmoja alipata 39, kwa hivyo sijisifu.

Likizo ya Desemba nilikwenda kukaa kwa nyanya, ng'ambo ya Garsen. Maji ya Tana wakati wa mvua ni mekundu kama chai ya maziwa, na nyanya huyachota ndoo, akatia jiwe lake la shabu, akakoroga taratibu mara kadhaa, akaiacha ndoo kivulini. Ukirudi tope limekaa chini na maji juu ni maangavu. Tangu utotoni nimeliona jiwe hilo ndani ya chupa ya zamani ya jemu, sijawahi kuuliza ni nini. Safari hii nilichukua kalamu na kipande cha karatasi, nikabandika kwenye chupa kwa uji wa unga wa ngano: KAl(SO₄)₂·12H₂O.

Nyanya alivaa miwani yake akaitazama sana.

"Hili ndilo jina lake la shule?"

"Ndiyo, nyanya. Hii ni potasiamu, hii ni aluminiamu. Hii aluminiamu ndiyo inayolivuta tope likashikana likazama."

"Na hivi vijipembe viwili kama mwezi mwandamo?"

"Mabano. Ni fungu. Mafungu mawili ya salfeti."

Akaitikia kwa kichwa, mafungu anayaelewa. Kidole chake kikasogea hadi mwisho wa karatasi. "Na haya?"

"Maji, nyanya. Kumi na mawili."

"Maji?" Akalitoa jiwe ndani ya chupa, akaligonga juu ya meza, likalia ko, ko. Akalipapasa. "Jiwe kavu hili lina maji? Usinichezee, mjukuu wangu, mimi nimelitumia jiwe hili kabla mama yako hajazaliwa."

Sikubishana naye. Nilivunja kipande kidogo cha shabu, nikakiweka ndani ya kijiko, nikakishikilia juu ya makaa ya jiko. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha kikaanza kulowa chenyewe, kikalainika, kikayeyuka, kikachemka kwa mapovu na mvuke ukapanda, halafu kikafura cheupe kama popo za mahindi. Nyanya alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika kiuno.

"Maji yametoka," akasema polepole. Kisha akaona rangi ya kijiko. "Wee! Na kijiko changu cha wageni!"

Akaninyang'anya, akakisugua kwa majivu, akakitazama mwangani, akakisugua tena. Baadaye akaenda mlangoni akapaza sauti kumwita jirani yake aje, aje upesi, kabla mtoto hajalizima jiko.